Rufaa ya Ghorofa la Bwana Ghalibu

Ujanja mnaousikia kwingine ni wa watoto. Wa Mbaruku wa mtaani kwetu Tanga ulikuwa wa watu wazima. Bwana Ghalibu alipata kibali cha kujenga ghorofa ufukweni, na ukuta wake ungeziba njia yetu pekee ya kwenda baharini. Mbaruku akakata rufaa, akaomba kikao kifanyike palepale kiwanjani. Asubuhi viti vya wajumbe wa rufaa na mama mwenyekiti wao vikapangwa mchangani; Ghalibu akavua viatu, akaketi.

"Maji hayafiki hapa hata siku moja," Ghalibu aliwaambia wajumbe. "Yakifika, kibali nakirudisha mwenyewe."

"Nani atabishana na mzee wangu?" Mbaruku akasema. "Mimi sina neno. Ila waheshimiwa hawa ni wageni, hawakujui. Hebu waeleze ulivyoanza."

Ghalibu akajiweka sawa kitini. Akaeleza duka la kwanza, malori, safari za Dubai.

"Na harusi ya binti yako, mzee? Si mji mzima ulikula?"

Akaieleza harusi sahani kwa sahani, kahawa ikipita, mpaka alasiri akashtuka.

"Mama mwenyekiti, mbona umepandisha miguu kitini?"

"Endelea tu, mzee," Mbaruku akajibu. "Leo bamvua, bahari imejaa kupita kiasi. Viatu ulivyovua vinaelekea Pemba, na mama anangoja kibali."