Mikono ya Bi Siwema

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa jua utosini, pakawa mbawa angani!

Basi sogeeni motoni, wadogo zangu. Aliyekaa nyuma asije akaniuliza katikati.

Hapo zamani, watu na wanyama walipokuwa bado wanaelewana maneno, aliishi mwanamke akiitwa Bi Siwema. Hakuwa na mtoto, hakuwa na mbuzi. Alikuwa na kuku mmoja, jina lake Koo, na Koo alikuwa na vifaranga tisa.

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa nyasi. Asubuhi vifaranga walidonoa mchwa na mbegu. Jua likizidi, walijificha chini ya miti ya mbaazi. Siku moja kicheche alijibanza kwenye mbaazi hizo, akamnyakua mmoja. Wakabaki wanane.

Bi Siwema akashika panga. Akakata mbaazi. Akakata vichaka. Akakata hata mihogo ambayo haijakomaa. Matawi yote akayarundika kando, yakauke ayachome. Kisha akafagia, akafagia, akafagia, mpaka pasibaki hata kijani cha kumficha panzi. Majirani wakipita wanasema, "Huyu ndiye mwanamke msafi!"

Mwewe akatazama kutoka juu, akacheka.

"Asante, Bi Siwema! Umenisafishia sinia, na chakula umenipangia!"

Vuu! Wakabaki saba.

Koo akaenda mlangoni. "Bibi, tupatie kivuli."

"Kivuli ni nyumba ya kicheche. Kaeni peupe niwaone."

Siku ya pili, Mwewe akarudi. "Asante, Bi Siwema! Sinia bado safi!"

Vuu! Wakabaki sita.

Koo akaenda mlangoni. "Bibi, tupatie kivuli."

"Nimekwisha sema. Umemsahau yule aliyeliwa kwenye mbaazi?"

"Sijamsahau, Bibi. Na hawa wawili wa peupe sijawasahau."

Bi Siwema akampa kisogo. Akaingia jikoni.

Siku ya tatu jua liliwaka, udongo ukawa kama kikaango. Vifaranga wakaachama midomo, mbawa zao zikalegea. Koo akatandaza mbawa zake awafunike. Lakini walikuwa wamekua. Wakaenea watano. Wa sita, aliyeitwa Kidonoa, akabaki nje. Akajisukuma huku, hapana nafasi. Akajisukuma kule, hapana nafasi.

Kivuli cha Mwewe kikapita uwanjani. Kikapita tena, cheusi zaidi.

"Bibiii!" Koo akalia.

Bi Siwema akatupa mwiko, akakimbia. Akavuta upande wa kanga aliojitanda, akaunyoosha juu yao kwa mikono miwili. Kucha za Mwewe zikachana kitambaa, chaaa! Zikamkosa Kidonoa kwa upana wa kidole.

Mwewe akapaa. Hakwenda mbali.

"Mikono itachoka, mama. Mimi nina siku nzima."

Akazunguka. "Bi Siwema, mikono imechoka?"

"Bado!"

Jua likamchoma kisogo. Mwewe akazunguka. "Bi Siwema, mikono imechoka?"

"Bado!"

Jasho likamwingia machoni. Mwewe akazunguka, chini zaidi. "Bi Siwema, mikono imechoka?"

"Ba..."

Neno halikumalizika. Kanga ikaanza kushuka. Mwewe akakunja mbawa.

"Tembea, Bibi," Koo akanong'ona. "Twende kwenye rundo la matawi."

"Na kama kicheche yumo?"

"Nitatangulia mimi. Nikilia, usiwalete."

Bi Siwema akainua mikono tena. Hatua moja, na vifaranga wakasogea na kivuli. Hatua ya pili, wakasogea. Hatua ya tatu, wakafika. Koo akainamisha kichwa, akaingia gizani.

Kimya.

Mwewe juu, kimya chini. Mikono ya Bi Siwema ikawa mizito kama mitungi.

Halafu ikasikika, polepole: "Kok, kok. Njooni, wanangu."

Vifaranga wakapotea ndani kama maji mchangani. Mwewe akajirusha nyuma yao, akanasa kwenye matawi, akajikwamua kwa shida, akaacha manyoya matatu.

Bi Siwema akakaa chini. "Nimesimama juani muda wa kuiva ugali tu, nikaona nakufa. Ninyi siku tatu! Nisamehe, Koo."

"Nitakusamehe baadaye, Bibi. Kwanza jenga."

Akajenga banda. Nguzo nne, paa la matawi yale yale na makuti juu yake. Kimo chake usawa wa goti, ili mwenye mbawa asipenye. Akaacha milango miwili, mmoja huku na mmoja kule. Kisha akapanda mbaazi upya.

Kicheche akaja. Akaingia mlango wa huku. Vifaranga wakatoka mlango wa kule. Na yeye alipochungulia mlango wa kule, akamkuta Bi Siwema na mchi. Tangu siku hiyo anachechemea.

Na Mwewe? Mpaka leo anazunguka juu ya nyumba za watu akiuliza kama mikono imechoka. Ndiyo maana kuku akiwa uwanjani hulaza kichwa, jicho moja chini kwenye mbegu, jicho moja juu.

Basi, wadogo zangu, ukimfungulia kuku akale nje, usimfikirie tumbo peke yake. Mpe mahali pa kulikimbia jua, na pa kuzikimbia kucha, na pasiwe na mlango mmoja. Na anayekuomba kivuli, msikilize mara ya kwanza.

Mimi nilikuwepo. Nguzo ya nne niliishika mimi. Niliahidiwa yai, lakini Koo akaliatamia kabla sijalichukua, na sasa yai lenyewe lina wajukuu.

Hadithi yangu imeingia bandani. Fungeni milango, yote miwili.