Mvule Jike wa Gengeni

Sogeeni karibu. Mwenye kichwa kikubwa akae nyuma asiwazibe wenzake, na mwenye usingizi abanwe pua. Hadithi hii mimi naibeba nusu ya njia. Nusu iliyobaki mtaibeba ninyi.

Katika kijiji cha Mrindwe, huko kwenye milima ya Upare, walikuwapo vijana watatu waliomaliza sekondari wakabaki nyumbani kufukuza kuku kwenye mahindi yaliyoanikwa. Nakiete alikuwa na macho. Si macho ya kurembua, la, macho ya kuona: mama yake alipoficha sukari, binti aliijua ilipo kwa kutazama tu safari za sisimizi. Kadeghe alikuwa na mikono na miguu. Alipanda miti kabla hajajua kutembea, na baba yake huapa kwamba hata siku ya kuzaliwa mkunga alimkuta amening'inia. Mbonea naye, pande la mtu, akikaa mwisho wa benchi wenzake huinuka upande wa pili, alikuwa na subira. Ungempa yai bovu alitunze, lingetoa kifaranga kwa kuona haya.

Wote watatu waliota kitu kimoja: chuo cha misitu. Na chuo kilikuwa kimetangaza kwamba kijiji kitakachootesha miche ya mvule wa kwao wenyewe kitapewa nafasi ya kumsomesha kijana bure. Nafasi moja, jamani. Moja kama pua.

Wa kumtaja kijana huyo alikuwa Bibi Miti, yaani afisa misitu wa kata, Mama Namkunda, mwanamke mwenye sauti ambayo ng'ombe wakiisikia hurudi zizini bila kuswagwa. Yeye mwenyewe aliifurahia kazi hiyo. Alidhani itakuwa rahisi.

Mwenyekiti wa kijiji, Senzighe, hakumngoja. Alipiga baragumu la msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Mpare hata akiwa na homa huitikia, akawatandikisha watu mikeka chini ya mvule mkubwa ulio kando ya ofisi ya kijiji, wakinge mbegu zikidondoka. Wakangoja. Wakapeana zamu. Wakaletewa makande, wakala, wakangoja tena. Mama Namkunda aliporudi kutoka vijiji vya tambarare, aliwakuta wamelala chali, midomo wazi, kama wanaosubiri matone ya dawa.

"Mwenyekiti, kulikoni?"

"Tunangoja mti uzae, Bibi Miti."

Mama Namkunda akautazama mti. Akamtazama Mwenyekiti. Akautazama tena mti, kwa huruma.

"Huyu ni dume."

Watu wakaketi kwenye mikeka, wakautazama mti upya.

"Mivule ina madume na majike, baba. Huyu kazi yake ni kutoa maua, basi. Mmetandika mikeka mnamngoja baba mtu ajifungue!"

Akina mama walicheka hadi khanga zikafunguka. Mwenyekiti akajikung'uta majani, akasema kwa heshima zake zote, "Nilikuwa nashangaa mbona uchungu hauanzi."

Kicheko kilipokwisha, kazi ikabaki. Majike yote ya Mrindwe yalikuwa yamekwishapasuliwa mbao tangu enzi za babu zao. Bila jike hakuna mbegu, bila mbegu hakuna miche, na bila miche hakuna chuo.

Nakiete akaona. Kwenye ukuta wa zahanati palikuwa na kinyesi cha popo, na ndani ya kinyesi hicho, vijimbegu vidogo vilivyokauka. Akampelekea Mama Namkunda vichache kwenye kiganja. "Mama, popo hali mawe. Hivi amevila wapi?" Bibi Miti akavitambua kuwa ni vya mvule. Nakiete akaanza kuifuata njia ya popo, mwamba kwa mwamba, shamba la tangawizi hadi shamba la tangawizi, shangazi yake nyuma akilalamika, "Wenzako wanatafuta mti kwa kuangalia juu, wewe unautafuta kwenye mavi!" Lakini kwenye mavi ndiko alikoupata. Gengeni, mahali ambapo hata msumeno uliogopa kwenda, alisimama mvule jike peke yake, amejaa matunda.

Kadeghe akapanda. Maana tunda lililodondoka pale liliangukia korongoni, kwenye maji ya kasi, likaenda zake. Na shina lilikuwa refu, nene, halina tawi hata la kuanikia soksi. Akajifunga kamba ya katani, akapanda kama moshi. Tumbili walimtukana huko juu. Yeye akawajibu kwa Kipare, na inasemekana walishindwa. Alishuka na mfuko umejaa.

"Uliogopa, mwanangu?" akauliza Mama Namkunda.

"Naogopa sasa hivi, mama. Kule juu sikupata nafasi."

Mbonea akalea. Aliyaosha matunda mpaka mbegu zikabaki tupu, akazipanda kwenye viriba, vile vifuko vya miche, akazinyweshea kwa matone. Miche ikachipua, kijiji kikashangilia. Kisha majani yakaanza kuvimba vinundu, miche ikanywea, na watu wakasema, "Basi, tung'oe tuchome." Mbonea hakubishana, hajui kubishana, humchosha. Alivihamishia viriba vyote kwenye kivuli cha migomba, akawa anachuma jani lenye kinundu mojamoja, kwa vidole vile vinene kama mihogo, asubuhi na jioni. Mingine ilikufa. Mingi ikapona. Wakaguzi wa chuo walipoiona, walisahau hata chai waliyokaribishwa.

Haya. Nafasi ikapatikana, na gari la chuo likaja kumchukua mwanafunzi.

"Tuigawe," alishauri Mwenyekiti mkutanoni. "Kila mmoja asome mwaka wake."

"Tupate mtaalamu mmoja mwenye vichwa vitatu?" Mama Namkunda akamjibu. Akawageukia vijana. "Semeni wenyewe. Ukienda, utakuwa nani?"

"Mkusanya mbegu," akasema Kadeghe. "Huko wanapanda kwa mikanda na kofia ngumu. Mimi nina kamba ya katani na maombi ya mama. Iko siku vyote viwili vitakatika."

"Mtafiti," akasema Nakiete. "Macho yangu yameona, hayajajua. Na bila cheti, nani atamwamini msichana anayefuata kinyesi?"

Mbonea akajibu wa mwisho. "Bwana kitalu. Miche iliyokufa, sijui ilikufa kwa nini. Iliyopona nayo sijui ilipona kwa nini. Mwakani naweza kuiua yote."

Nakiete akaongeza, "Utakayemtaja tutampigia vigelegele, mama. Ila usimtaje mtu kwa kumhurumia."

Mama Namkunda aliwatazama, na moyo wake ukajaa kama mama aliyepika wali ukaiva vizuri kisha akakumbuka kuwa sahani ni moja. Angemwacha yupi, na ni yupi kati yao ambaye bila yeye pale pangekuwa na mche hata mmoja? Dereva akawasha gari. Bibi Miti akasimama, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe sauti ikamkwama.

Msemeeni basi! Aende aliyeuona mti, aliyeuparamia, au aliyewalea watoto wake? Wewe unayecheka hapo, ungemtaja nani? Na wale wawili watakaobaki, wakimpigia mwenzao vigelegele, ungewatazamaje usoni?