Masale Kwenye Njia ya Chemchemi

Paukwa!

Pakawa!

Bado hamjaitika. Nyie mnaotafuna viazi huko nyuma, mezeni kwanza. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, mlima ulipokuwa bado hauna mwenyewe, palikuwa na chemchemi moja juu ya kijiji. Watu walichota, paa walikunywa, mbega walikunywa, hata pimbi na vitoto vyao. Njia ya kwenda huko ilipita kando ya nyumba ya bibi mmoja, Makyao, aliyekuwa akimlea mjukuu wake yatima, Ndeshi. Walikuwa wawili tu, hawakuwa na mwingine.

Kijijini humo walikuwa na desturi. Kuna mmea uitwao sale, wenye majani marefu membamba. Mtu akikujia na tawi la sale mkononi, anaomba msamaha au anaomba jambo, humkatalii. Na sale likishapandwa ardhini, hapo ni mpaka, haling'olewi na mtu. Ndivyo walivyolelewa.

Basi Mlaki, bwana mmoja mwenye sauti ya upole na macho ya kupimapima, akaiona desturi hiyo akaipenda sana. Akaja na tawi la sale.

"Jamani, naomba mahali padogo tu karibu na chemchemi, nifunge ng'ombe wangu."

Watu wakatazamana. "Kaja na sale, tutamkataliaje?" Wakampa. Akalichomeka tawi lile ardhini, likashika.

Mwezi wa pili akaja tena na sale. "Jamani, mahali padogo tu, nipande magimbi."

"Kaja na sale, tutamkataliaje?" Wakampa. Akalichomeka, likashika.

Mara ya tatu alikwenda kwa Makyao mwenyewe. "Mama, mahali padogo tu, hapa njiani, ng'ombe wasitoroke."

Makyao aliona kwamba jambo hili si zuri. Aliliona kabisa! Lakini mkono wake ukanyooka, ukalipokea lile tawi. Kulipokucha, njia ilikuwa imezibwa kwa masale, kutoka jabalini hadi korongoni.

"Chemchemi ni yangu sasa," Mlaki akasema, kwa upole uleule. "Anayetaka maji, mto upo kule chini."

Kiangazi kikaingia. Mifereji ikakauka, na Ndeshi akashikwa na homa.

"Bibi, maji."

Mtungi ulikuwa mtupu. Makyao akabisha kwa jirani, nako mtungi mtupu. Akachukua kibuyu, akasimama mbele ya ule ua. Maji aliyasikia yakitiririka, hata hatua thelathini hazifiki.

Pimbi akamwambia, "Ng'oa, bibi, upite."

"Sale haling'olewi," akajibu Makyao, akashika njia ya mtoni.

Kwenye mteremko akakutana na paa. "Mbona unazunguka? Ng'oa, bibi, upite."

"Sale haling'olewi."

Kule mtoni mbega akamwita kutoka mtini. "Rudi ung'oe, bibi! Mtoto anangoja."

"Haling'olewi!" akasema, na safari hii alikuwa analia.

Alipanda mlima na kibuyu chake, akafika nyumbani alasiri. Ndeshi alikuwa amenyamaza, midomo imekauka kama maganda ya mahindi. Makyao akamtilia maji kinywani, yakatokea pembeni. Akamtilia tena, yakatokea pembeni. Akamtilia mara ya tatu. Jamani, hapa hata mimi sipendi kupasimulia.

Walipokwisha kuzika, Mlaki akaja na tawi la sale mkononi. "Mama, nisamehe."

Watu wote wakamtazama Makyao.

"Mjukuu wangu hakuwa na sale," akasema. "Aliomba maji kwa mdomo tu."

Akampita. Akaenda mpaka kwenye ua, akashika sale kwa mikono miwili, akang'oa. Akang'oa la pili. Akang'oa la tatu. Watu wakapiga mayowe, wakafunika nyuso, wakingoja radi. Radi haikupiga. Inzi walikuwa wakivuma tu, na njia ilikuwa wazi, upana wa watu wawili na mitungi yao.

"Haya, piteni," Makyao akawaambia. "Wewe jirani, pita. Si una watoto nyumbani?"

Hakupita mtu. Waliinamisha vichwa, wakachukua vibuyu vyao, wakashika njia ya mtoni. Mlaki aliwatazama wakienda, tawi lake bado mkononi.

Makyao akapita peke yake. Akaketi ukingoni mwa chemchemi, akachota, kibuyu kikajaa mpaka kikamwagika, naye hakuwa na wa kumpelekea.

Hadithi yangu naitua hapo, nzito hivyohivyo. Kalaleni.