Siwatu na Funda la Pilipili

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa buli mekoni, na tangawizi ndani yake. Mwenye kikohozi asogee, mwenye kijicho akae mlangoni!

Hapo kale palikuwa na Mwanashehe, manju wa nyimbo za harusi. Na palikuwa na Siwatu, mwitikiaji wake. Miaka saba anaitikia, miaka saba wivu unamtafuna.

Siku mbili kabla ya harusi ya binti wa jumbe, Mwanashehe akashikwa na mafua. Koo likamkauka, sauti ikawa mkwaruzo. Siwatu alifurahi! Nisiwafiche, alifurahi mpaka akaunguza wali. Ila akawaza: "Na akipona kabla ya harusi, je?"

Akatwanga tangawizi, akatia karafuu, akatia asali, kisha, nyamazeni, pilipili kichaa. Moja? Haitoshi. Mbili? Za nini? Akatia konzi nzima.

Sasa, kwa watu wale, mleta dawa huionja kwanza mbele ya mgonjwa. Siwatu alilijua hilo. "Nitaiweka shavuni," akajiambia, "nikaiteme uani."

"Pole, dada. Nimekuletea dawa."

"Ahsante, mdogo wangu," Mwanashehe akakwaruza. "Onja."

Siwatu akapiga funda. Shavu likatuna, machozi yakamlengalenga. Mwanashehe akalitazama shavu, akanusa kikombe, akatabasamu. Akagonga ukuta: ko, ko, ko!

Akaingia bibi yake, Bi Mwanamkuu, mkali wa adabu kuliko hiyo pilipili. Akasimama, akangoja aamkiwe.

Siwatu akatikisa kichwa.

"Mimi mbuzi, natikisiwa kichwa?"

Siwatu akapiga magoti.

"Magoti nayaona. Salamu iko wapi?"

Siwatu akamshika bibi mikono yote miwili, akaiinamia.

"Huyu kalelewa na nani? Nikamwite mama yako?"

Hapo, jamani, funda lote! Akameza.

"Shi... shika... haaa!"

Akarukia mtungi. Maji yakaisha, moto ukabaki.

"Marahaba," akasema Bi Mwanamkuu.

Kisha bibi akachemsha yake: tangawizi, ndimu na asali. Mwanashehe akanywa asubuhi, akanywa mchana, akanywa jioni, na siku ya harusi sauti ikatoka safi. Siwatu hata kuitikia hakuweza. Akapewa pembe apige kwa kijiti, akapiga huku machozi yakimchuruzika kwa uchungu.

"Mtazameni Siwatu," watu wakasema, "anavyompenda bibi harusi!"

Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Hadithi yangu imefika chini ya kikombe. Ikiwa tamu, lambeni. Ikiwa kali, nirudishieni, nitaimeza mwenyewe.