Ukuta wa Maliwali

Hapo zamani, katika jimbo la Mazingani, palikuwa na ada moja ya ajabu: kila liwali aliyetawazwa huandikiwa maisha yake na kazi zake kwa wino mweusi juu ya ukuta wa baraza. Na kila aliyemfuata, kabla kiti hakijapata moto, huamuru sifa za mwenziwe zipakwe chokaa, ziandikwe zake. Liwali Sudi alichimba visima vitano, akapakwa chokaa. Liwali Matano alijenga daraja, naye akapakwa, na daraja lenyewe watu wanalipita kila siku! Ikawa ukuta umenenepa kwa maliwali hata mlango wa baraza haufunguki ila nusu, na wenye vitambi wanaingia kwa ubavu.

Mwenye kuandika na kufuta alikuwa mtu mmoja, Feruzi, fukara wa kutupwa, mwenye kanzu moja yenye madoa ya chokaa ya tawala sita.

Basi akaja wa saba, Liwali Zahrani, mtu wa kujisikia, Mungu atuepushe. Akamwita Feruzi, akamwambia, "Ewe mpaka chokaa, utaandika maisha yangu na kazi zangu, kweli tupu, tena kwa namna ambayo liwali ajaye hatafuta hata herufi moja."

"Bwana wangu, huyo ajaye simjui."

"Mimi namjua. Naibu wangu Khatibu anakimezea mate kiti hiki tangu sijakikalia. Ijumaa nitampa ndoo na brashi mbele ya watu, afute apendavyo, kama kwamba mimi nimekwisha kufa. Ikifutika herufi moja, kichwa chako halali yangu."

Feruzi akarudi kwake, akasimulia yaliyompata. Mkewe, Mwanaidi, aliposikia akaangua kilio. "Umekwisha, mume wangu! Wamefuta daraja zima, watashindwa na Zahrani?"

"Nyamaza kwanza, mama, nifikiri." Akakaa, akawakumbuka wale sita mmoja mmoja, kisha akaanza kucheka peke yake, hata mkewe akadhani hofu imempanda kichwani. "Mwanaidi, daraja la Matano nililifuta kwa mkono wangu. Lakini ile habari ya kupigwa kwa mwiko na mkewe, nani aliyepata kuifuta?"

"Nani aifute! Si aliyemfuata ndiye aliyeihadithia barazani mwaka mzima?"

"Haya, nipe wino wangu."

Ijumaa ikafika, mji mzima ukakusanyika. Khatibu amekwisha kukunja mikono ya kanzu, brashi inadondoka chokaa. Shuka iliyofunika ukuta ikavutwa, naye akasoma kwa sauti:

"Liwali Zahrani alitwaa mbuzi wa wajane akafanyia karamu ya kutawazwa kwake. Alikizungushia ua kisima cha soko, aoshee farasi wake. Alimtia gerezani mwalimu wa madrasa kwa kukicheka kilemba chake."

Watu wakameza vicheko vyao. Khatibu akasoma tena, polepole, kama mtu anayekula halua, kisha akaitua ndoo. "Mimi nifute? Wallahi, hata nukta isiguswe! Wekeni na kipaa juu, mvua isije ikaiharibu."

Liwali akafura. "Mkamateni huyu!"

Feruzi akapiga magoti. "Bwana wangu, ulitaka kweli tupu, ndiyo hii. Ulitaka ajaye asifute, na ndoo ameitua mwenyewe. Kama pana uongo, nionyeshe, nikatwe kichwa."

Liwali akawatazama watu, wala hapakuwa na mmoja wa kumtetea. Akaona haya, akauliza kwa sauti ndogo, "Haifutiki kabisa?"

"Hufutika, Bwana. Mbuzi wakirudi, mstari wa mbuzi utakuwa uongo, nami uongo siuachi ukutani."

Liwali akacheka bila kupenda. Siku ile ile mbuzi wakarudi, kesho yake ua ukavunjwa, na mwalimu akatoka gerezani, akakitazama tena kile kilemba, akajizuia. Feruzi akafuta mistari yote mitatu, akapewa kanzu mpya. Lakini alipochovya wino aandike sifa, Liwali akamshika mkono. "Acha," akasema, "pabaki hivyo hivyo."

Miaka ikapita, Khatibu akatawazwa, akaja mbio na ndoo yake, akasimama mbele ya ukuta mweupe pe, hana cha kufuta. Akaandikisha zake, na aliyemfuata akazipaka chokaa. Ikawa katika maliwali wote wa Mazingani, ni Zahrani peke yake ambaye waliomfuata hawakumfuta hata herufi moja, kama alivyoamuru.