Soda ya Mteja

Gogo haliishi kwa pigo moja la shoka. Huisha kwa vibanzi, na anayebandua kila siku ndiye wa mwisho kugundua. Hayo yalimkuta fundi mmoja wa makochi, ambaye wateja walimbandika jina la Bwana Karibu kwa ukarimu wake.

Makochi yake yaliuzika kama njugu. Mkewe, aliyesimamia ofisi, hakuchoka kumshauri: "Baba Pacha, kila mwezi tutenge fungu la gharama za mauzo na fungu la gharama za ofisi. Fungu likiisha, limeisha."

"Hayo ni mambo ya makampuni, Mama Pacha," fundi alicheka. "Soda ya mteja itamfilisi nani?"

Basi soda zikanyweka. Makochi yakasafirishwa bure hadi pembezoni mwa mji. Dalali aliyeleta mteja alipewa chake, na aliyepita kusalimia tu hakuondoka mikono mitupu. Ofisini taa ziliwaka mchana kutwa, na simu ya kazi ikapiga soga na ndugu wa karibu na wa mbali. Kila gharama ilikuwa ndogo kama chawa, lakini chawa naye hunyonya.

Siku moja meneja wa hoteli mpya aliagiza makochi ya vyumba vyote, malipo baada ya kupokea mzigo. Fundi alifurahi ghaya ya kufurahi. Alipokwenda kutoa pesa za mbao, alikuta akiba imekauka. Muuza mbao hakutaka kusikia habari ya mkopo. Kwa kukosa la kufanya, fundi akaiuza mashine yake ya kuranda kwa fundi jirani.

Mbao alizipata, lakini kuranda kwa mkono kulikwenda mwendo wa kobe. Muda wa makubaliano ukapita, na hoteli ikampa jirani kazi ile.

Asubuhi moja aliisikia mashine yake ikinguruma ng'ambo ya ukuta. Machozi yakamlengalenga.

"Sema tu, Mama Pacha. Sema kwamba ulinionya."

"Nikisema, itarudi?" Mkewe alivuta kigoda, akaketi karibu naye. "Njoo tupange ya mwezi huu. Usafirishaji?"

"Mteja ajilipie."

"Simu?"

"Ya kazi tu."

"Soda?"

Fundi alijifuta machozi. "Maji," alisema.

Wakaanza upya kwa randa ya mkono, wakiwa wamejionea wenyewe kwamba bandu bandu huisha gogo.