Ukungu Unalala kwa Nani

Hapo zamani, ukungu ulipokuwa bado unaingia majumbani mwa watu bila kubisha hodi, kulikuwa na kijiji mlimani, na humo aliishi mwanamke aitwaye Nakijwa. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Naetwe, wa miaka minne. Mumewe alikuwa kule tambarare na ng'ombe zake, na hata angekuwepo, mambo haya hakuulizwa mwanamume.

Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, haikupokea mwenye meno ya utoto. Basi watoto walianza masomo nyumbani. Na desturi ya kijiji ilikuwa hii: mtoto alihesabiwa amefunguka siku aliyouliza swali ambalo watu wazima hawana jibu lake. Aliyemfungua ndiye aliyemchukua. Alale kwake, ale kwake, mpaka meno ya utoto yamalizike kung'oka. Mara nyingi alikuwa mama mwenyewe. Mara nyingi, si mara zote, na hilo lilimnyima Nakijwa usingizi.

Akaanza kwa pupa. Akaweka benchi uani, akaigonga kengele ya mbuzi. "Kaa wima. Sema moja." Naetwe akamtazama kipepeo. "Sema moja!" Naetwe akasinzia. Mtoto wa miaka minne ukimkalisha kwenye benchi, utafundisha benchi.

"Wifi, unasomesha au unachunga?" akacheka Nanzia, dada wa mumewe, kutoka nyumba ya pili. Nanzia hakujaliwa mtoto, na nyumba yake ilikuwa kimya kiasi cha kumsikia buibui.

Nakijwa akalipasua benchi likawa kuni. Tangu hapo, kila asubuhi alikaa na mtoto mlangoni, wakaihesabu migomba jinsi inavyotokea ukungu ukipanda. Huu mmoja. Ule wa pili. Yule pale si mgomba, ni jirani. Siku nyingine ukungu uliimeza yote, na Naetwe alisema kwa sauti ya usingizini, "Leo tumebaki sisi."

Mchana alikuwa kwa bibi yake, Namkunda, mama mkwe wa Nakijwa. Huyo hakufundisha, alituma. "Kuku huyu analala wapi? Mlaze. Mchi unalala wapi? Ulaze." Mpaka mtoto akajua kwamba hakuna kitu duniani kisicho na mahali pake pa kulala.

Jioni alikuwa kwa shangazi yake. Nanzia hakuwa na somo wala kazi ya kumpa. Alijibu tu. Mtoto akiuliza kwa nini moshi hauanguki, Nanzia aliacha mboga iungue, akajibu. Wengine humwambia mtoto nyamaza, nyamaza, kisha humpeleka kwa mganga kwa sababu hasemi.

Asubuhi moja wanawake wakaja kwa Nakijwa kumenya ndizi. Uani kulijaa ukungu, sauti zikaelea bila nyuso, visu vikaonekana bila mikono. Kisha ukaanza kuondoka, polepole, kama mgeni asiyetaka kuaga. Naetwe akasimama, akautazama.

"Ukungu ukitoka hapa, unakwenda kulala kwa nani?"

Visu vikatulia. Hakuna aliyejua.

"Amefunguka," mmoja akanong'ona.

Nakijwa akawahi kusema: "Ni mimi. Zamani alipita katikati ya ukungu kama anavyopita kwenye hewa. Mimi ndiye niliyemkalisha mlangoni, akajua kuona kinachokuja na kinachoondoka."

"Kuona hata mbuzi anaona, mkamwana," akasema Bibi Namkunda. "Hilo la kulala amelitoa wapi? Kwenye migomba yako? Ni kwangu alikojifunza kwamba kila kitu kina kwao."

Nanzia hakuinua macho. "Angeyaona yote hayo, akayajua yote hayo, akanyamaza. Ninyi mlimuuliza yeye. Mimi ndiye niliyeulizwa. Mdomo huo ulifunguliwa kwangu."

"Wewe una njaa ya mtoto tu!" akafoka Nakijwa.

"Ninayo. Desturi ilisema aliyefungua, wifi. Haikusema aliyeshiba."

"Nimemzaa mimi!"

"Nani amebisha?" akasema bibi. "Mimi nilimzaa baba yake. Leo tunazungumzia kufungua."

Kila mmoja alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomuuma Nakijwa. Mtoto mwenyewe alikuwa ameshafika ukingoni mwa ua, mkono kaunyoosha, vidole vyeupe kwa ukungu, wala hawasikilizi.

Mkeka wa Naetwe umekunjwa, uko mlangoni. Nanyi mlionikodolea macho, msiniambie ni wote watatu, maana mtoto halali nyumba tatu. Je, nani alimfungua Naetwe, na mkeka huu ubebwe kwenda kwa nani?